Goti la mbwa mdogo si goti la mbuzi

Mbwa mdogo akianza kuchechemea huku kwetu, Ibra, Sur au Nizwa, familia nyingi hufanya moja ya mawili. Ama humwacha, wakisema mguu utazoea wenyewe. Ama siku moja mtoto hulia sana, baba akachoka na kilio, gari likapakiwa mbio mpaka Maskati, na mbwa akakabidhiwa kliniki ya kwanza yenye vioo vinavyong'aa na kijana wa mapokezi anayecheka vizuri. Mimi nayapinga yote mawili. La kwanza ni kumtesa kiumbe, la pili ni kununua upasuaji kama mtu anavyonunua pazia.

Najua wapo watakaoshtuka hata kwa kichwa cha habari. Mwalimu mzima, umri huu, anatuandikia habari za magoti ya mbwa? Jamani, tazameni majumbani mwenu. Tangu miaka ile ya korona nimewaona wengi kuliko nilivyowaona miaka yote niliyokaa Sharqiyah: Pomeranian, Chihuahua, Yorkshire Terrier, Poodle wale wadogo, wanabebwa kwenye vikapu kama mtoto mchanga. Wameletwa na watoto waliosoma nje, au wamenunuliwa kwa simu, au wameachwa na Mzungu aliyemaliza mkataba. Mama anasema hataki kumwona ndani, na mama huyohuyo ndiye anayemkatia nyama.

Hukumu ya kumfuga ndani ya nyumba, na ya mate yake na kuosha chombo mara saba, mwulizeni shekhe wenu. Madhehebu hayakusema kauli moja, na mimi nilifundisha bayolojia, sikufundisha fiqhi. Ila kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe kwa hilo. Na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Surat al-Kahf, amelala kizingitini na miguu ameinyoosha. Kiumbe akishakuwa mikononi mwako, anaumwa na hana mdomo wa kusema, hilo ni jambo jingine kabisa na lile la kwamba alipaswa kuwepo au hakupaswa.

Basi turudi kwenye goti.

Huku kwetu hatuna upungufu wa watu wanaojua wanyama. Nendeni Nizwa asubuhi ya Ijumaa mkaone mbuzi wanavyozungushwa mnadani chini ya ngome, au Sinaw siku ya Alhamisi kwenye ngamia, mtaona watu wanaomsoma mnyama kwa jicho moja. Madaktari wa mifugo wa serikali wanachanja, wanatibu homa, wanazalisha ng'ombe usiku wa manane. Nawaheshimu sana. Lakini kazi yote hiyo imejengwa juu ya mnyama wa maziwa, wa nyama, au wa mbio. Mbuzi akiharibika goti, hapana anayeuliza habari ya upasuaji. Kisu kinamaliza mazungumzo, na watu wanakula. Kwa hiyo daktari anaweza kuwa na miaka ishirini ya kazi njema na asiwe amewahi kulifungua goti la mnyama wa kilo tatu, ambalo mfupa wake ni mwembamba kama kalamu ya risasi. Kumwambia hivyo si kumtukana. Hata hospitali ya binadamu, daktari wa macho hashiki nyonga.

Na goti lenyewe, ili mjue mnauliza nini, liko hivi. Mbele ya goti pana kifupa kidogo cha mviringo. Kiswahili kina jina lake zuri, kilegesambwa, na nasikitika vijana wetu wengi hawalijui, wanasema tu kifupa cha goti. Kilegesambwa hiki kimeshikwa ndani ya ule mshipi mnene unaotoka kwenye misuli ya paja na kushuka mpaka mbele ya mfupa wa muundi. Mbwa anapokunja na kukunjua mguu, kifupa kinateleza juu na chini ndani ya mfereji ulioko mwisho wa mfupa wa paja, kama mlango wa dirisha unavyokwenda kwenye reli yake. Mbwa wengi wadogo wanazaliwa na maumbile ambayo mfereji huo unakuwa na kina kifupi, au pale mshipi unaposhikia kwenye muundi pamekaa upande kidogo. Kifupa kinatoka kwenye reli, na kwa mbwa wadogo aghlabu kinatokea upande wa ndani. Ndipo mnapomwona anakimbia vizuri, ghafla anaruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja juu, kisha anaunyoosha kwa nyuma, kifupa kinarudi, anaendelea na safari yake kama hapana lililotokea. Watoto wanacheka, wanasema anacheza ngoma.

Madaktari wanaligawa tatizo hili daraja nne. La kwanza, kifupa kinatoka daktari akikisukuma kwa kidole, akikiachia kinarudi chenyewe. La pili, kinatoka chenyewe mara kwa mara na kurudi. La tatu, muda mwingi kiko nje, daktari anaweza kukirudisha lakini hakikai. La nne, kiko nje moja kwa moja na hakirudi kwa mkono. Wa daraja la kwanza kwa kawaida hapasuliwi. Wa pili inategemea: je, anaumia, anachechemea mara ngapi, ana umri gani? Wa tatu na wa nne ndio aghlabu wanaopelekwa mezani, na akiwa bado mdogo hawacheleweshi, maana mifupa inayokua huku inavutwa upande inazidi kupinda.

Sasa mnaona kwa nini nasema swali la kwanza kumwuliza daktari si bei. Swali la kwanza ni: mbwa huyu yuko daraja la ngapi, mguu upi, na umejuaje? Daktari aliyekutajia bei kwa simu kabla hajalishika goti amekujibu jambo ambalo hajalijua.

Binti wa dada yangu, yuko hapa Ibra, ana Pomeranian wa kike. Alikwenda kliniki moja ya mjini, siitaji, akaambiwa ndani ya dakika tano kwamba magoti yote mawili yapasuliwe kesho yake, alipe nusu leo. Hakupigwa eksirei. Hakutembezwa hata hatua moja sakafuni. Akanipigia simu, "Mama mdogo, nifanye nini?" Nikamwambia toka hapo, nenda kwa mwingine, usiseme wa kwanza amesema nini. Daktari wa pili alimtembeza ukumbini kwenda na kurudi, akamlaza ubavu, akakunja goti na kulikunjua pole pole, mguu mzima na mguu mbovu, akapiga picha. Kulia daraja la pili, kushoto la tatu. Akasema: tupasue kushoto tu, kulia tukuangalie, na kwanza apungue uzito. Nusu saa nzima. Kama ningekuwa na mwanafunzi anayefanya kazi namna ile maabara ningempa alama zote.

Hilo la uzito lisipite hivi hivi. Mbwa wa kilo tatu akiongezeka nusu kilo ni sawasawa na mtu wa kilo sitini kuongezeka kumi. Majumbani mwetu mbwa anakula kila wanachokula wageni, na wageni hawaishi. Samli, mishkaki, vipande vya mkate wa kumimina. Kuna mbwa ambao wangepungua tu, wasingefika mezani.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: si kila mguu wa nyuma unaochechemea ni kilegesambwa. Ndani ya goti pana kano mbili zilizopishana kama msalaba, na ya mbele ndiyo inayokatika. Mbwa mwenye kifupa kinachotoka kwa miaka, kano hii inachoka, siku moja inaachia, na mbwa aliyekuwa anaruka hatua mbili ghafla hataki kabisa kukanyaga chini. Daktari hulipima kwa mikono: anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, anajaribu kuuvuta muundi uje mbele kama mtoto wa meza. Ukija, kano haipo. Mbwa mwenye maumivu hukaza misuli, kwa hiyo wakati mwingine inabidi apewe dawa ya usingizi kidogo ndipo ipimike. Upasuaji wa kano ni mwingine na wa kilegesambwa ni mwingine, japo mara nyingine hufanywa pamoja. Kwenye kano, kwa mbwa mdogo wengi wanafunga uzi mzito wa nailoni kwa nje ya goti, ufanye kazi ya kano mpaka mwili ujenge kovu gumu; wengine wanakata mfupa wa muundi na kuuzungusha, kisha wanaufunga kwa bamba la chuma. Kwenye kilegesambwa, wanachimba mfereji uwe na kina, wanasogeza pale mshipi unaposhikia na kupachika kwa pini, wanakaza upande uliolegea na kulegeza uliokaza. Mbwa mmoja huhitaji moja ya hayo, mwingine yote. Daktari anayekaza nyama tu peke yake, akaacha mfereji ulio bapa na mfupa uliokaa upande, mwulizeni kwa nini. Huenda ana sababu. Huenda hajui la kufanya na mfupa.

Nimesahihisha mitihani miaka mingi kuliko nipendavyo kuhesabu, na kuna aina ya mwanafunzi ambaye ukimwuliza habari za figo anakuandikia ukurasa mzima wa moyo, kwa mwandiko mzuri. Jihadharini na daktari wa namna hiyo. Unamwuliza, "Goti la aina hii umefanya mangapi mwaka huu?" Anakujibu kwamba kliniki yao ina mashine mpya kutoka Ujerumani. Unamwuliza, "Waliorudi na kifupa kimetoka tena ni wangapi?" Anakwambia usiwe na wasiwasi, bibi, insha'Allah kheri. Insha'Allah tunasema sote, lakini aliyefanya magoti mengi anao waliorudi, maana hapana mpasuaji asiye nao. Kifupa kinaweza kutoka tena, pini inaweza kusogea, kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Mimi namwamini zaidi aliyeniambia, "Nimefanya kadhaa, wawili walirudi, mmoja nikamfungua tena," kuliko aliyeniambia hajawahi kuharibikiwa.

Na vyeti? Watu wetu wanapenda kuuliza daktari ni wa nchi gani. Huyu Msudani, huyu Mhindi, huyu Mmisri, huyu Mzungu, na bei inapanda kadiri ngozi inavyong'aa. Hilo ni jambo la aibu, tuseme ukweli. Shahada ya udaktari wa wanyama ya Khartoum, Cairo, Kerala au Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro ni shahada kamili. Lakini shahada ya kwanza, hata ikiwa ya London, haimfanyi mtu bingwa wa mifupa. Bingwa ni aliyeendelea: Wamarekani wana chuo chao cha wapasuaji wa wanyama tangu 1965, Ulaya nao wana chao tangu 1991, na anayetoka huko kwa kawaida amekaa mwaka mmoja wa mazoezi na miaka mitatu chini ya mabingwa, kisha akafanya mtihani mgumu. Watu hao ni wachache ulimwenguni na wachache zaidi huku kwetu. Kati ya bingwa wa namna hiyo na daktari wa kawaida, wapo waliochukua kozi fupi za mifupa na kufanya kazi hiyo kila wiki kwa miaka, na wengi wao wana mikono mizuri. Ulizeni tu, kwa adabu: mafunzo ya mifupa umeyapata wapi, na kwa muda gani? Mtu mwenye kazi yake hakasiriki.

Kama goti ni la daraja la nne na mifupa imepinda, au mbwa ameshapasuliwa mara moja ikashindikana, hapo nasema tafuteni bingwa hata kama ni kuvuka mpaka kwenda Imarati. Safari hiyo ina chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kibali cha kuingia, na karatasi zake hazipatikani kwa siku moja. Kwa daraja la pili na la tatu sioni haja.

Nusukaputi ndiyo inayonitisha mimi kuliko kisu. Ulizeni nani atakuwa anamwangalia mbwa wakati mpasuaji ameinamia goti. Jibu likiwa ni mpasuaji huyohuyo, geukeni mrudi. Awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi, mapigo, oksijeni na joto tu, kutoka anapolala mpaka anapoinua kichwa. Mwili mdogo unapoteza joto upesi, na chumba cha upasuaji ni baridi hata kama nje Nizwa ni digrii 45. Pawe na cha kumpashia. Kabla ya siku yenyewe apimwe damu, asikilizwe moyo, na kliniki iwaambie asile tangu saa ngapi. Msijiamulie wenyewe, maana mbwa mdogo sana akishinda njaa muda mrefu sukari inashuka. Wale wenye pua bapa, kama Pug, pumzi zao zina shida yake, mtajeni mapema.

Bei sasa. Kwenye soko la Jumatano hapa Ibra wanawake tunajua kupatana, lakini goti si kanga. Ukimshusha daktari bei, atapunguza mahali ambapo huoni: picha ya baada ya upasuaji, dawa ya maumivu ya usiku, yule mtu wa pili. Badala ya kupatana, ombeni karatasi iliyoandikwa kila kitu kando kando. Eksirei ngapi? Usiku mmoja wa kulala au hapana? Kutoa nyuzi kumo? Picha ya wiki ya sita kumo? Na likitokea la kutokea akafunguliwa tena, nani analipa? Bei mbili zikiwa mbali sana, mara nyingi moja ina vitu vinne na nyingine ina vitu tisa. Asiye na uwezo aseme waziwazi, hapana fedheha. Daktari mwema atampa njia ya kupumzisha mguu, kupunguza uzito na dawa ya maumivu iliyo ya mbwa, na wapo mbwa wa daraja la pili wanaoishi hivyo mpaka uzee wao.

Dawa ya maumivu iliyo ya mbwa, nimesema. Brufen ya kabatini inaweza kumchoma tumbo na kumharibu figo, na Panadol nayo msimpe kwa kukisia. Na jamani, kuna wazee bado wanashauri moto. Ngamia akichechemea anachomwa chuma, basi na mbwa naye achomwe kidogo pembeni ya goti. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kovu juu ya mguu mwembamba kama kidole changu, na kifupa bado kinatoka vilevile. Moto hauchimbi mfereji. Mnaongeza kidonda juu ya kidonda.

Linalobaki ni barabara, na hili ndilo wa Maskati hawalifikirii. Nizwa mpaka mjini ni kilomita 160 hivi, Sur kwa njia ya Qurayyat ni kama 200, Ibra ni saa moja na nusu au mbili kwa anayeendesha kwa akili. Kwenda mara moja si taabu. Taabu ni kwamba goti linataka kwenda na kurudi: kupimwa, kupasuliwa, kuangaliwa kidonda, kutolewa nyuzi siku ya kumi mpaka ya kumi na nne, picha ya wiki ya sita au ya nane. Na saa nane usiku ya siku ya tatu, bendeji imevimba na mbwa analia, Maskati ni mbali.

Kwa hiyo ushauri wangu, na najua baadhi ya madaktari wa mjini hawaupendi, ni kuwa na madaktari wawili. Wa mjini apasue. Wa hapa karibu, hata kama kazi yake ya kila siku ni mbuzi, akubali tangu mwanzo kuangalia kidonda, kutoa nyuzi, na kupokea simu ya usiku. Wakutanisheni wao kwa wao kabla ya upasuaji, kwa simu, dakika kumi zinatosha. Mpasuaji aandike karatasi: nimefanya nini, nimeweka pini gani, dawa hizi, dalili hizi nipigie. Mpasuaji anayekataa kuzungumza na daktari wa mifugo wa wilaya, eti yeye hashughuliki na watu wa ng'ombe, mwacheni na kiburi chake. Yule wa binti ya dada yangu alizungumza naye, na daktari wetu wa hapa alifurahi kama aliyeitwa harusini. Akaja mwenyewe nyumbani siku ya nne kutazama. Hakutaka hata chai.

Siku ya kurudi msimweke mapajani. Awe ndani ya kisanduku chake, taulo chini, hewa ya gari ianze kupoa kabla hajaingizwa, na asiachwe garini hata dakika za kununua maji kituoni. Kiangazi cha huku gari lililozimwa ni tanuri.

Kisha ndani ya nyumba kuna wiki sita mpaka nane, na hapa ndipo magoti mazuri yanapoharibiwa na familia nzuri. Nyumba zetu ni vigae vitupu, vinateleza kama barafu. Tandikeni mazulia na mikeka pale anapopita. Ngazi marufuku, kuruka kochi marufuku, kukimbilia mlango kengele ikilia marufuku. Atoke kwa kamba tu, dakika chache, polepole, kisha dakika ziongezwe kama daktari alivyosema. Avae ile kola ya plastiki kama faneli, hata akiwatazama kwa huruma. Wakimvua usiku mmoja, atazing'oa nyuzi kwa meno. Mtu mmoja katika nyumba awe ndiye msimamizi, mmoja tu, kwa sababu tukisema sote tunamwangalia hapana anayemwangalia. Kwa dada yangu msimamizi alikuwa bibi, mwenye miaka themanini na ushei, ambaye miezi miwili kabla alikuwa akiapa mbwa hatoingia ukumbini. Aliketi na fimbo yake mlangoni, kila mjukuu akitaka kumbeba anaulizwa: "Daktari kakwambia?"

Na waliopasuliwa wasizalishwe. Maumbile haya yanarithiwa, na mwenye kuuza watoto wa mbwa ambaye mama yao anaruka kwa mguu mmoja anajua anauza nini. Anayetaka kununua aombe kumwona mama akitembea, si picha.

Wiki ya sita binti alipeleka mbwa kwa picha. Pini iko mahali pake, mfupa umeshika. Daktari akamwambia aanze kumwongezea mwendo, na akampa nakala za picha zote, za kabla na za baada, azihifadhi kwenye simu yake. Goti la kulia bado daraja la pili. Watalitazama tena baada ya miezi sita, na uzito umepungua gramu mia tatu, jambo ambalo bibi anadai ni kazi yake peke yake.